Watu watano, seva moja, na kanuni ambazo hazisomwi

*Shikamoo kaka. Tuko watano, tunatengeneza programu ya akiba na mikopo kwa ajili ya SACCOS tatu za Kanda ya Ziwa. Watatu tuko Mwanza, mmoja yuko Dodoma, mwingine yuko masomoni Kigali. Mwezi uliopita mwenzetu alibadilisha hesabu ya riba moja kwa moja kwenye seva, Ijumaa jioni. Jumatatu wanachama wa SACCOS moja wakakuta madeni yao yamebadilika. Tulirekebisha, lakini grupu la WhatsApp likawaka moto wiki mbili, na mwenzetu huyo akajitoa. Mimi ndiye kiongozi. Nikaandika kanuni za kurasa 14, nyingi nilizitoa mtandaoni, na hakuna aliyezisoma mpaka mwisho. Tuandike kanuni zipi, na tufanyeje zifuatwe bila mimi kugeuka askari? – Kiongozi wa timu, Mwanza*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa wiki hizo mbili. Nimewahi kuwa kwenye grupu la namna hiyo. Najua simu inavyokuwa nzito kuishika asubuhi.

Zile kurasa 14 ziweke kando kwanza. Zimeandikwa kumaliza ugomvi wa watu wengine, waliokuwa na kazi nyingine, mahali pengine. Ndiyo maana wenzako wanazisoma kama masharti yaliyochapwa nyuma ya tiketi ya basi. Kanuni zenu zimo ndani ya Ijumaa ile. Ichambueni saa kwa saa: nani aliamua hesabu ya riba ibadilike? Iliwezekanaje mtu mmoja ayafikishe mabadiliko kwa wanachama bila jicho la pili kuyaona? Na kwa nini waliogundua kosa ni wanachama, siku tatu baadaye, wakati ninyi mpo? Mkiyajibu hayo matatu kwa ukweli, mtakuwa mmeshapata zaidi ya nusu ya kanuni mnazozihitaji.

Miradi mikubwa nayo ilipata kanuni zake hivyo hivyo. Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM, ikidai kwamba msimbo (maandishi ya programu) ambao ni mali yake umeingizwa ndani ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta unaotengenezwa na watu wengi kwa pamoja. Wakati huo Linux ilikuwa na umri wa miaka 12, na hapakuwa na njia nyepesi ya kuonyesha kila kipande kilipita mikononi mwa nani. Mwaka uliofuata ikawekwa kanuni moja: anayeleta mabadiliko aweke mstari wa sahihi mwishoni, wenye jina lake na anwani yake, akithibitisha kwamba ana haki ya kuyatoa. Mstari mmoja tu. Zaidi ya miaka 20 sasa unaandikwa kila siku na watu ambao hawajawahi kuonana, kwa sababu kila mmoja anaweza kuambiwa ulitoka wapi. Kanuni zenu nazo ziwe hivyo: chini ya kila moja, andikeni sentensi ya sababu. Isiyo na sababu ya kwenu iacheni.

Sasa nianze na ile ambayo timu nyingi huiruka, zikakimbilia kubishana kuhusu nafasi za mwanzo wa mstari na majina ya vigeugeu, yaani vihifadhi vya thamani ndani ya msimbo. Nani anaamua?

Kwenye barua yako husemi kama mwenzenu alikosea hesabu, au alikuwa na hesabu sahihi kwa maoni yake. Hiyo ni tofauti kubwa. Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi. Ukitoza riba juu ya mkopo wote kila mwezi, mkopaji atalipa riba ya 216,000. Ukitoza juu ya salio linalopungua, huku akirejesha 100,000 ya mkopo kila mwezi, riba yote itakuwa 117,000. Pengo ni shilingi 99,000 kwa mkopo mmoja, na njia zote mbili ni hesabu sahihi. Ni ipi itumike, hilo si la mtengeneza programu hata kidogo. Limo ndani ya masharti ya SACCOS, yaliyopitishwa na wanachama wenyewe kwenye mkutano mkuu. Kwa hiyo kanuni yenu ya kwanza iseme wazi ni mambo gani hayaamuliwi ndani ya timu: riba, faini ya kuchelewesha rejesho, utaratibu wa kukata akiba ya mdhamini, jinsi ya kukokotoa gawio. Hayo yaje kwa maandishi kutoka kwa meneja wa SACCOS, na maandishi hayo yawekwe pale pale penye mabadiliko, ili atakayesoma msimbo mwakani asihitaji kumtafuta mtu.

Yanayobaki ni yenu, na humo napo mkubaliane kabla hamjagombana. Lugha ya kuandikia programu ya Python iliendeshwa kwa karibu miaka 30 na mtu mmoja mwenye neno la mwisho, mwanzilishi wake, Guido van Rossum. Utaratibu huo ulifanya kazi vizuri mpaka Julai 2018. Baada ya mabishano makali juu ya alama moja mpya ya kuandikia, van Rossum alijiuzulu uongozi, na akakataa kumteua mrithi. Wenzake wakabaki na kazi ya kutunga utaratibu wa kuamua huku hawana utaratibu wa kuamua utaratibu huo. Iliwachukua mpaka Desemba kupiga kura juu ya mapendekezo kadhaa, na mapema 2019 ndipo wakachagua baraza la watu watano. Katika kanuni za baraza hilo kuna moja ninayoipenda sana: haliruhusiwi kuwa na zaidi ya watu wawili walioajiriwa na mwajiri mmoja. Ninyi watatu mko Mwanza, mnakutana kwa chai. Wa Dodoma na wa Kigali wanajikuta wanapokea maamuzi yaliyokwisha kupikwa. Lifikirieni hilo kabla hamjasema "wengi wape".

Kwa timu ya watano mimi nisingeweka kura kwa kila jambo. Ningegawa eneo: huyu ni mwenye mikopo, huyu ripoti, huyu ujumbe wa simu na malipo ya mitandao, huyu seva. Mwenye eneo ndiye anayeamua baada ya kusikiliza, na kiongozi anaingia pale tu wenye maeneo mawili wanapogongana. Wahenga walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini nahodha mmoja asiyelala naye atakipandisha mwambani. Wewe usiwe mwenye maeneo yote.

Jambo la pili ni mlango wa kuingilia. Hapa sihitaji mfano wa mbali. Mama zetu kwenye vikoba wanaijua kanuni hii kuliko wengi wetu tuliosomea kompyuta: sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo zake wanakaa nazo watu watatu tofauti. Si kwamba mweka hazina anashukiwa. Kufuli zile zinamlinda yeye kwanza, kwa sababu siku hesabu ikipungua hakuna atakayeweza kusema alikuwa peke yake na sanduku. Mwenzenu wa Ijumaa ile alikuwa peke yake na sanduku. Ninyi mlimwacha peke yake nalo, kisha mkamlaumu.

Basi mabadiliko yasiingie kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo, mpaka mtu wa pili ayasome na kuyaidhinisha. Yanayogusa fedha yasomwe na wawili. Ila usidanganyike kwamba kupitiwa kwenyewe kunatosha. Dosari ya Heartbleed, iliyotangazwa Aprili 2014 ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa imepitiwa. Mtu aliileta, mwingine akaisoma, akaiingiza usiku wa mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 2011. Kasoro ilikuwa ndogo: programu ilisahau kuhakikisha kwamba urefu wa ujumbe uliotajwa ndio urefu wake halisi. Ikakaa humo zaidi ya miaka miwili. Wale walikuwa wachache, wamezidiwa, na msomaji alikuwa mmoja.

Kwa hiyo kanuni ya kupitia kazi iwe na masharti yanayomfanya msomaji asome kweli. Mabadiliko yawe madogo kiasi cha kusomeka ndani ya nusu saa, yakizidi, yagawanywe. Yaje na majaribio yanayoonyesha hesabu ya mfano na jibu lake, kama ule mkopo wa 1,200,000 hapo juu, ili msomaji alinganishe na masharti ya SACCOS badala ya kuamini macho yake. Aliyeombwa kusoma ajibu ndani ya siku moja ya kazi, hata kama jibu ni "nitaweza kesho mchana". Hili la muda msilipuuze. Nimeona watu waaminifu kabisa wakipita dirishani kwa sababu mlango ulikuwa haufunguliwi: kazi yako inakaa siku sita bila kusomwa, mteja anapiga simu kila saa, unaishia kuiweka mwenyewe. Sina uhakika kama mwenzenu alifanya hivyo, lakini muulizeni.

Na seva yenyewe? Ufunguo wa kuandika kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu za wanachama, usiwe mfukoni mwa kila mtu. Wawili wanatosha, na hata hao wasiutumie kwa kazi za kila siku. Msiweke mabadiliko Ijumaa baada ya saa sita mchana, wala siku mbili za mwisho wa mwezi, wakati SACCOS zinafunga hesabu. Na nakala ya akiba ijaribiwe kila mwezi kwa kurudishwa kwenye mashine nyingine. Nasema irudishwe kweli, watu waione imesimama, kwa sababu ya yaliyowapata GitLab, kampuni inayowahifadhia watu msimbo wao, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi aliyekuwa anahangaika usiku na seva iliyozidiwa alifuta kanzidata akidhani yuko kwenye seva ya pili, kumbe yuko kwenye ile inayofanya kazi. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala. Walipozigeukia, hakuna iliyokuwa ya kutegemewa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua karibu saa sita kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa.

Jinsi walivyomtendea mhandisi yule ndiyo sababu naikumbuka habari hii kila mara. Taarifa waliyoitoa hadharani haikumtaja jina; ilimwita mwanatimu namba 1. Ikaeleza alichokuwa anajaribu kufanya, alichokiona kwenye skrini, kwa nini kosa lile lilikuwa rahisi kwa yeyote, na nini kitabadilishwa. Hiyo ndiyo taarifa ambayo ninyi hamkuiandika mkaandika jumbe za WhatsApp.

Niliwahi kuwa kwenye timu, siitaji, iliyoweka faini. Ukiharibu tawi kuu, unatoa shilingi 5,000 za soda. Mwezi wa kwanza tulicheka. Mwezi wa tatu niligundua kwamba mimi mwenyewe nimeona hesabu ya ripoti haikai sawa, nikanyamaza siku nzima nikitafuta kuirekebisha kimya kimya kabla mtu hajajua. Siku nzima, wakati ofisi nne zinachapa ripoti ile na kuipeleka kwa wakubwa. Kikoba kinaweza kutoza faini ya kuchelewa kikao, kwa sababu kuchelewa ni hiari yako. Kosa la msimbo halina hiari. Ukilitoza faini unanunua ukimya, na ukimya kwenye programu ya fedha ni ghali mno. Andikeni hivi: "Aliyeona kosa, lake au la mwenzake, alitaje mara moja. Hatutauliza nani kabla ya kuuliza imekuwaje. Ndani ya siku tatu tunaandika ukurasa mmoja: kilichotokea, tulichokiona, tutakachobadilisha." Hiyo iwe kanuni, na ukurasa wa kwanza uwe wa Ijumaa yenu.

Kuhusu WhatsApp sitakwambia muiache, maana hamtaiacha. Ila iwe ya salamu, dharura na kuulizana nani yuko mezani. Uamuzi uliofanyika humo, au kwa simu, au kwenye chai ya Mwanza, haujafanyika mpaka uandikwe kwenye daftari la mradi: tarehe, kilichoamuliwa, kwa nini, na nani alikuwepo. Mistari minne. Watu wa Apache, watengenezaji wa programu ya seva za tovuti, walioanza mwaka 1995 wakiwa wanane waliotawanyika kisha wakaunda taasisi yao mwaka 1999, wameishi kwa msemo kwamba jambo ambalo halikupita kwenye orodha ya barua pepe halikutokea. Sisi tunao wetu wa zamani zaidi: mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hao Apache kuna utaratibu mwingine ambao unaweza kuwafaa, ila uupunguze makali. Mtu hutangaza anachokusudia kufanya, husubiri kwa kawaida saa 72 ili walio upande wa pili wa dunia nao waamke na kusoma, na kama hakuna aliyepinga, kimya kinahesabiwa ridhaa. Anayepinga badiliko la msimbo anaweza kulizuia kwa kura moja, lakini lazima atoe sababu ya kitaalamu. Bila sababu, kura hiyo ya turufu haina nguvu. Sehemu ya sababu ichukueni nzima nzima. Itaondoa ile "mimi sijaipenda tu" inayochosha watu. Sehemu ya kimya ichukueni kwa mambo yasiyogusa fedha. Mwenzako wa Dodoma akiwa amekatiwa umeme tangu jana, au bando limeisha, kimya chake hakimaanishi chochote. Kwa jambo linalogusa salio la mwanachama, subirini neno lenyewe.

Kuna kanuni moja ndogo ambayo sijaiona kwenye vitabu vingi, nami naisisitiza kwa kila timu inayofanya kazi kwa Kiswahili: kamusi ya mradi. Nimewahi kufungua kanzidata nikakuta kitu kile kile kinaitwa rejesho kwenye jedwali moja, malipo kwenye lingine, na kwenye la tatu jina la Kiingereza. Aliyeandika ripoti akajumlisha mawili akaacha moja. Kaeni jioni moja na afisa mikopo, mwandike maneno 40 hivi: mkopaji, mdhamini, hisa, akiba, amana, rejesho, salio, adhabu. Kila kitu jina moja, kwenye skrini na kwenye msimbo. Yule wa Kigali atawashukuru, na mteja pia, kwa sababu programu itazungumza kama yeye.

Sasa la askari. Kila kanuni ambayo mashine inaweza kuisimamia, ipe mashine. Karibu kila huduma ya kuhifadhia msimbo kwa Git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko, ina uwezo wa kufunga tawi kuu lisipokee kitu kisichoidhinishwa na mtu wa pili, na kukataa mabadiliko ambayo majaribio yake yameanguka. Mpangilio wa msimbo nao uachieni programu inayoupanga yenyewe, msibishane tena. Mlango ukiwa umefungwa na mashine, hakuna atakayeona umemfungia yeye. Funga na wako pia, siku ya kwanza, mbele yao. Kiongozi mwenye ufunguo wa siri wa kupita dirishani ameshazifuta kanuni zote, hata kama hajautumia.

Mtahitaji hata hivyo njia ya dharura, kwa maana usiku mmoja malipo yatakwama na msomaji atakuwa safarini. Iandikeni: anayeingia kwa dharura ampigie simu mwenzake mmoja kabla hajagusa, aandike kwenye daftari alichofanya, na mabadiliko yapitiwe asubuhi kama mengine. Ikitumika zaidi ya mara mbili kwa mwezi, kuna kanuni nyingine inayowabana vibaya, itafuteni.

Yote haya yaingie ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Mwisho wa ukurasa muandike jinsi ya kuubadilisha: yeyote apendekeze, wote watano wasome, ikubaliwe kwenye kikao, na kila baada ya miezi mitatu mfute angalau ile ambayo hakuna anayekumbuka ilikuja kwa nini.

Kikao cha kuziandika kifanyike Jumamosi, saa mbili, na wa mbali wawe kwenye video tangu dakika ya kwanza. Wewe usije na rasimu. Njoo na ile Ijumaa, iandikwe ubaoni saa kwa saa, kila mmoja aseme ni wapi yeye mwenyewe angeweza kuizuia.

Lakini kabla ya Jumamosi, mpigie simu huyo aliyejitoa. Usimwandikie, mpigie, au kama yuko Mwanza nenda kwake. Mwambie sanduku lilikuwa wazi na mlilifungua wote. Kisha mwombe aandike yeye sentensi ya kwanza ya kanuni ya mlango, kwa maneno yake, kwa sababu kati yenu wote ni yeye pekee anayejua ilivyokuwa kukaa mbele ya seva ile Ijumaa jioni bila mtu wa kumuuliza.